Neno Kaya katika Korogwe na Handeni: Kutoka Makazi ya Ukoo hadi Kipimo cha Dola

Utangulizi

Mwaka 1975 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria Namba 21, iliyohusu uandikishaji na uongozi wa vijiji na vijiji vya ujamaa. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyoandikwa sheria nyingi za wakati huo, lakini ndani yake limo neno moja la Kibantu ambalo waandishi wake hawakulitafsiri. Neno hilo ni kaya. Ili eneo liandikishwe kuwa kijiji, lilipaswa kuwa na kaya zisizopungua 250.

Kwa karani wa Dar es Salaam sharti hilo lilikuwa suala la hesabu tu. Kwa mzungumzaji wa Kisambaa au Kizigula lilikuwa na utata ndani yake. Katika lugha hizo kaya ni nyumbani, na nyumbani huko si lazima pawe paa moja. Ni makazi ya watu waliokaa pamoja, mji wao, mahali mtu anaporejea atokapo shambani au safarini. Kwa maana hiyo kongwe, kijiji chenye kaya 250 kingeweza kueleweka kuwa kijiji chenye vijiji 250 ndani yake. Neno lililokuwa jina la kitu kizima lilikuwa limegeuzwa kuwa jina la kipande chake.

Insha hii inafuatilia mabadiliko hayo. Eneo linalozingatiwa ni Kerenge, wilayani Korogwe, pamoja na nyanda za Handeni ng'ambo ya mto Pangani. Eneo hili linafaa kwa uchunguzi wa aina hii kwa kuwa lugha kadhaa hukutana hapo: Kisambaa kutoka milimani, Kibondei kutoka upande wa Muheza, Kizigula kutoka Handeni, na Kiswahili kinachowaunganisha wote. Hoja inayojengwa ni kwamba kaya haikubadilika maana kwa sababu wasemaji waliisahau maana ya kwanza. Ilibadilika kwa sababu dola ilihitaji kipimo, ikalichukua neno lililokuwepo na kulikata kwa ukubwa iliouhitaji. Maana ya kwanza iliendelea kuishi pembeni yake, na matokeo ya kuishi pamoja kwa maana hizo mbili yanaonekana hadi leo katika ugawaji wa misaada na ardhi.

Chimbuko na mtawanyiko wa neno

Wanaisimu wa lugha za Kibantu huliunda upya neno hili katika lugha mame kwa umbo *kaaja, lenye maana ya kijiji au makazi. Mtawanyiko wake ni mpana. Katika Afrika Mashariki linapatikana katika Kisambaa (G23), Kibondei (G24) na Kizigula (G31), kwa kufuata uainishaji wa Malcolm Guthrie. Linapatikana pia katika lugha za Mijikenda kama Kigiryama na Kidigo, katika Kigogo na Kikaguru, na katika Kisukuma na Kinyamwezi, ambamo kaya ni boma la mtu pamoja na nyumba zake zote. Nyanda za Juu Kusini, Wahehe na Wabena husema kaye. Kusini kabisa mwa bara, Kizulu na Kixhosa vina ikhaya, na Kitsonga kina kaya, yote kwa maana ya nyumbani.

Msomaji wa Kiswahili hushawishika kulihusisha neno hili na kitenzi kaa, pamoja na makao, makazi, mkazi na kikao. Ushawishi huo unaeleweka, kwa kuwa maana zinakaribiana mno. Hata hivyo sauti zinaukataa. Kitenzi cha Kiswahili kaa kimepoteza sauti l iliyokuwa kati ya irabu zake, kama ilivyopotea katika kua na mengine mengi. Kizigula hakikuipoteza: husema ikala kwa maana ya kukaa, na papo hapo husema kaya kwa maana ya nyumbani. Maneno hayo mawili yanaishi bega kwa bega katika lugha moja, moja likiwa na l na jingine likiwa na y, na hakuna kanuni ya sauti ya Kizigula inayogeuza l ya kwanza kuwa y ya pili. Kizulu kinathibitisha jambo hilo kwa njia nyingine. Husema hlala kwa maana ya kukaa, kitenzi cha asili tofauti, na bado kina ikhaya. Sauti kh katika neno hilo ndiyo inayotarajiwa pale ambapo Kiswahili kina k, kama inavyoonekana katika khula, mwenzake wa kua. Kwa hiyo kaya ni nomino yenye shina lake, na ukaribu wake na kaa katika sikio la Mswahili ni wa kukutana njiani.

Tahadhari inahitajika pia upande wa pili. Kufanana kwa sauti peke yake hakuthibitishi udugu wa maneno. Kichewa, ambacho ni lugha ya Kibantu, kina kaya lenye maana ya "sijui", na Kituruki kina kaya lenye maana ya mwamba, ambalo Waturuki wengi hulitumia kama jina la ukoo. Hayo hayahusiani na historia hii hata kidogo.

Linalohusiana nayo, ijapokuwa liko mbali, ni lile lililotokea Afrika Kusini. Walowezi wa huko na wa Rhodesia waliliazima ikhaya na kulifupisha kuwa kaya au kia katika Kiingereza chao. Walilitumia kutaja kibanda cha mtumishi kilichojengwa nyuma ya nyumba ya bwana. Neno ambalo kwa msemaji wa Kizulu lilibeba wazazi, makaburi na mifugo liligeuka kuwa chumba cha mtu ambaye nyumbani kwake ni kwingine. Mwaka 1983, serikali ya ubaguzi wa rangi ilipoanzisha kitongoji kikubwa cha Waafrika nje ya Cape Town, kiliitwa Khayelitsha, yaani makao mapya. Katika mifano hiyo miwili mwenye mamlaka ndiye aliyelishika neno la nyumbani na kuamua upana wake.

Kaya ya msituni

Mahali ambapo maana ya zamani imehifadhiwa kwa uwazi zaidi ni pwani ya Kenya na mpakani mwa mkoa wa Tanga, kwa Wamijikenda. Kwao kaya ni makazi yaliyozungushiwa ngome ndani ya msitu, yenye njia za kuingilia zilizolindwa na uwanja wa kati ambamo wazee walikutana. Thomas Spear aliyafanya makazi hayo kuwa kiini cha kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu historia ya watu hao. Kwa maelezo ya UNESCO, kaya hizo zilianza kujengwa katika karne ya 16 na kufikia miaka ya 1940 zilikuwa zimehamwa. Mwaka 2008 misitu yake, iliyotawanyika katika ukanda wa kilomita zipatazo 200, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kaya ya namna hii haikuwa familia. Ilikuwa dola ndogo. Waingereza walilielewa hilo vizuri: baada ya Wagiryama kukataa kodi na kazi za kulazimishwa, upinzani ambao Mekatilili wa Menza ndiye aliyekuwa sauti yake kuu mwaka 1913, serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti mwaka 1914. Hakuna serikali inayolipua nyumba ya mtu mmoja kwa nia ya kuvunja nguvu za kabila zima. Kilicholipuliwa kilikuwa makao ya kisiasa, na jina lake lilikuwa kaya.

Kisambaa na Kizigula havikuipa kaya utakatifu wa namna hiyo, na itakuwa kosa kuichukua picha ya Kaya Fungo na kuibandika Korogwe. Hata hivyo kipimo kilikuwa kilekile. Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa na makao yake Rabai katikati ya nchi ya kaya za Mijikenda, alisafiri hadi Usambara mwaka 1848, na tena mwaka 1852, akapokewa na mfalme Kimweri ye Nyumbai. Nchi aliyoikuta ilikuwa ya watu wakaao katika vijiji, na mji mkuu wake ulikuwa Vuga. Ng'ambo ya Pangani, katika Uzigula, misukosuko ya njaa na biashara ya watumwa katika karne ya 19 iliwafanya watu wajikusanye kwa wenye nguvu waliojenga makazi ya ulinzi. Katika mazingira hayo, mtu hakuwa salama kwa sababu ya kuwa na nyumba. Alikuwa salama kwa sababu ya kuwa na kaya.

Nyumba, kodi na kambi

Ndani ya kaya hiyo kubwa kulikuwa na nyumba, na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo ufunguo wa yote yaliyofuata. Katika desturi ya Wasambaa, mume mwenye wake wawili au watatu hakuwaweka chini ya paa moja. Kila mke alikuwa na nyumba yake, jiko lake na mashamba yake, na watoto wake walitarajia kurithi kupitia nyumba ya mama yao. Steven Feierman, aliyeandika historia ya ufalme wa Wasambaa mwaka 1974, aliona katika mpangilio huo chanzo cha mashindano ya urithi hadi katika ukoo wa wafalme wenyewe. Wazigula hapo awali walihesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo mipaka ya nyumba na ya ukoo ilikutana kwa namna nyingine. Lakini kwa wote, nyumba ilikuwa ya mama na watoto wake, na kaya ilikuwa ya wote.

Utawala wa Wajerumani ulipoanzisha kodi mwaka 1897, ulichagua kutoza nyumba. Sababu yake ilikuwa nyepesi: nyumba huonekana na huhesabika, wala haikimbii. Mwanamume mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, kwa hiyo kodi tatu. Waingereza waliokuja baadaye waliendelea na kodi ya nyumba na kichwa. Kwa muda wote huo kaya haikuhitajika katika daftari la serikali. Mkoloni aliihesabu nyumba na kumwajibisha jumbe. Kilichokuwa katikati ya hivyo viwili kiliachwa kwa wenyeji. Huenda hiyo ndiyo sababu neno lilivuka enzi ya ukoloni likiwa na upana wake.

Jambo jingine lililochangia kulihifadhi lilikuwa mkonge. Richard Hindorf aliuingiza nchini mwaka 1893, mwaka uleule ujenzi wa reli ya Usambara ulipoanza kutoka Tanga. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba makubwa yakaifuata. Wafanyakazi walitoka mbali: Wanyamwezi na Wasukuma, Wabena kutoka kusini, Wamakonde, na wengine kutoka nje ya mipaka. Waliishi kambini, na waliitwa manamba, jina linalotokana na namba walizoandikishwa. Kwa upande wa isimu tukio hilo lina uzito wake. Mnyamwezi mwenye kaya yake, Mbena mwenye kaye yake na Mzigula mwenye kaya yake walikutana katika shamba moja na kugundua kwamba, kati ya maneno mengi yaliyowatenganisha, hili walikuwa nalo wote. Kambi haikuwa kaya kwa yeyote kati yao. Kaya ilikuwa kule mtu alikotoka na alikokusudia kurudi, ingawa wengi hawakurudi, na wajukuu wao leo ni wenyeji wa Korogwe.

Mpangilio huo unasaidia pia kueleza jinsi neno lilivyoingia katika Kiswahili cha serikali. Kiswahili cha pwani kilikuwa na mji, kijiji, nyumba, jamaa na ahali, na baadaye familia. Hakuna hata moja kati ya hayo lililofaa kutaja kundi la watu wanaotegemeana kwa chakula bila kujali kama ni ndugu wa damu. Kaya lilikuwa likieleweka kutoka Usukuma hadi Ubena hadi Tanga. Lilikuwa neno la bara lililosubiri kazi.

Kijiji chazaliwa, kaya yapungua

Kazi hiyo ilikuja na Operesheni Vijiji. Mnamo Novemba 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba utekelezaji ukamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Watu waliokuwa wametawanyika walihamishwa na kukusanywa kando ya barabara na katika maeneo yaliyopimwa. Sheria ya 1975 ikaja kuwapa vijiji hivyo mwili wa kisheria, na kwa kufanya hivyo ikaipa kaya maana mpya: kundi la kifamilia, tofali moja katika ukuta wa matofali 250.

Ni vigumu kutoona ukali uliomo katika matumizi hayo. Makazi yaliyovunjwa na operesheni yalikuwa, kwa lugha ya waliohamishwa, kaya zao. Yaliwekwa mahali pale kwa sababu za maji, rutuba na makaburi ya wazee. Mtu alipobomoa nyumba yake na kuhamia kijiji kipya aliacha kaya. Alipofika huko aliandikwa kuwa kaya. Daftari lilimpa kwa jina kile alichokuwa ametoka kunyang'anywa kwa hali. Wapo watakaosema kwamba huo ulikuwa mgongano wa maneno tu, na kwamba waandishi wa sheria hawakuwa na nia ya kumdhihaki mtu. Hilo ni kweli kuhusu nia. Lakini sheria hutekelezwa kwa maneno yake, na baada ya 1975 swali la ukubwa wa kaya halikuwa tena la wazee wa mji. Lilikuwa la mwandikishaji.

Chungu kimoja

Sensa ziliukaza mpaka huo. Katika sensa za Tanzania, kaya hutambuliwa kwa mambo mawili: kuishi pamoja na kula pamoja. Mkuu wa kaya ni yule ambaye wanakaya wenyewe wanamtambua hivyo, na anayehesabiwa ni aliyelala katika kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa. Kwa utaratibu huo, sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 iliipata nchi ikiwa na watu 61,741,120. Kama kipimo cha takwimu, kigezo cha chungu kimoja kina manufaa makubwa. Ni rahisi kuuliza, na jibu lake halihitaji mtu aeleze ukoo wake wote mlangoni.

Katika kijiji cha Wasambaa, hata hivyo, kigezo hicho huigawa kaya ya kale mahali pasipogawanyika kwa lugha. Mume mwenye wake wawili wanaopika mbalimbali huwa ndani ya kaya mbili, na yeye mwenyewe huhesabiwa katika ile aliyolala usiku huo. Swali "kaya yenu ina watu wangapi?" likiulizwa kwa Kiswahili lina jibu moja; likitafsiriwa moja kwa moja kwa Kisambaa, mzee anaweza kuanza kuhesabu nyumba za wanawe wote. Karani mzoefu hulijua hilo na huuliza kuhusu jiko badala ya kaya. Kwa kufanya hivyo anakiri, pasipo kusema, kwamba neno lililo kwenye dodoso lake halitoshi.

Katika sensa, tofauti hiyo huishia kwenye jedwali. Katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanzishwa na TASAF mwaka 2012, huishia kwenye fedha. Mpango huo hutoa ruzuku kwa kaya, na utambuzi wa walengwa huanzia katika mkutano wa kijiji, ambako wanakijiji wenyewe huzitaja kaya zilizo duni kuliko nyingine. Chukua mfano wa mama mjane mwenye kibanda chake katika uwanja wa mwanawe na jiko lake la mafiga matatu. Kwa kigezo cha chungu, yeye ni kaya peke yake, na huenda ni kaya maskini kuliko zote kijijini. Kwa maana ya Kisambaa yeye yumo katika kaya ya mwanawe, mwenye baiskeli na ng'ombe wawili, na kumtaja mkutanoni kuwa kaya maskini ni kutangaza hadharani kwamba mwana amemtupa mama yake. Anayenyamaza katika mkutano huo hana nia mbaya, wala hajakosa kuielewa fomu. Anatii maana ya neno aliyoipokea nyumbani. Mama naye anaweza kunyamaza kwa sababu hiyohiyo, kwa kulinda heshima ya mwanawe, na heshima hiyo ikamgharimu ruzuku.

Upande wa Handeni, neno limekabiliwa na mtihani mwingine. Kuanzia Juni 2022 familia za wafugaji kutoka Ngorongoro zilianza kuhamishiwa katika kijiji cha Msomera, uhamisho uliozua mabishano makubwa ndani na nje ya nchi. Taarifa za serikali ziliwataja waliohamia kwa idadi ya kaya, watu na mifugo, na nyumba zilizojengwa huko ziligawiwa kwa kaya. Kimaasai si lugha ya Kibantu na hakina kaya. Kina enkang', boma lenye nyumba nyingi ambalo wanaume kadhaa wanaweza kuishi ndani yake pamoja na familia zao. Kina olmarei, familia ya mwanamume mmoja na wakeze na watoto wao. Na kina enkaji, nyumba ambayo mke huijenga mwenyewe na kuimiliki, yenye moto wake na chakula chake. Kwa kigezo cha sensa, kilicho karibu zaidi na kaya ni enkaji. Kwa maana ya Kisukuma au Kizigula cha kale, ni enkang'. Kwa mwandikishaji anayetafuta jina la mkuu wa kaya ili amkabidhi nyumba moja, ni olmarei, na katika hesabu hiyo mke wa pili na wa tatu huwa watu wa kaya ya mume, wakati kwa lugha yao kila mmoja wao ndiye mwenye nyumba.